Chapa ya kale haifufuliwi kwa kibandiko kipya

Siku hizi kila kinachouzwa hudai kuwa na ukoo. Sabuni, majani chai, saa za mkononi na hasa vileo huandikwa mwaka wa kuasisiwa kwake kwa herufi za dhahabu, na mnunuzi akishausoma mwaka huo huridhika, kana kwamba umri ni ushahidi wa ubora. Mimi niliyekula chumvi nyingi katika ufundishaji wa historia nashikilia kuwa mwaka ulioandikwa kwenye kibandiko ni dai kama madai mengine. Na dai lolote, liwe la mfalme au la mchuuzi, halina budi kuulizwa ushahidi wake.

Nataka kulijadili jambo hili kwa mfano wa mbali: wiski ya Kiskoti iitwayo Mackinlay's, ambayo jina lake lilikuwa limekaribia kusahaulika kabisa hadi lilipofufuliwa mwaka wa 2011. Natanguliza tahadhari mapema. Sina nia ya kuwatangazia wasomaji pombe, seuze wanafunzi, ambao sheria ya nchi hii inakataza wauziwe kileo kabla ya kutimiza miaka 18. Nia yangu ni kuuliza jina la kale ni mali ya nani, na ni nani mwenye haki ya kuliinua kaburini.

Kampuni ya Charles Mackinlay iliasisiwa mwaka wa 1815 katika mji wa bandari wa Leith, uliokuwa jirani na Edinburgh. Ilikua pamoja na biashara ya wiski yenyewe, na katika muongo wa 1890 ikashirikiana na John Birnie kuanzisha kiwanda cha Glen Mhor mjini Inverness, kando ya mfereji wa Caledonia. Ilikuwa kampuni yenye heshima, lakini haikuwa ya pekee. Leith ya wakati huo ilijaa maghala ya wafanyabiashara wa wiski, na wengi wao leo hawakumbukwi hata na vitukuu vyao.

Mwaka wa 1907 mvumbuzi Ernest Shackleton, mzaliwa wa Ireland, alikuwa akijiandaa kwenda Antaktika kwa meli ya Nimrod. Miongoni mwa shehena zake aliagiza makasha 25 ya wiski ya Mackinlay's. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata watu wake walijenga kibanda cha mbao mahali paitwapo Cape Royds, katika kisiwa cha Ross. Tarehe 9 Januari 1909 yeye na wenzake watatu walifika umbali wa takriban kilomita 180 kutoka Ncha ya Kusini. Chakula kilikuwa kinawaishia, naye akaamua kurudi ili kuokoa maisha ya wenzake, ingawa hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kufika kusini kiasi hicho. Waliondoka Antaktika kwa haraka, na baadhi ya makasha yao yakabaki chini ya kibanda, barafu ikayafunika.

Makasha hayo yalilala huko kwa miaka mia moja. Mwaka wa 2010 wakfu wa New Zealand unaohifadhi vibanda vya wavumbuzi, Antarctic Heritage Trust, uliyachimbua makasha matano: matatu ya wiski na mawili ya brandi. Kasha moja la wiski lilipelekwa katika jumba la makumbusho la Canterbury mjini Christchurch, likayeyushwa barafu polepole katika chumba chenye baridi iliyodhibitiwa. Ndani yake zilipatikana chupa 11 zilizofungwa kwa karatasi na nyasi kavu. Barafu ilikuwa imeziganda kwa nje, lakini kileo chenyewe kilibaki kimiminika, kwa maana kileo kikali huganda kwenye baridi kali kuliko ile inayoyagandisha maji.

Januari 2011 chupa tatu zilisafirishwa hadi Uskoti. Mchanganyaji mkuu wa kampuni ya Whyte & Mackay, Richard Paterson, alitoa sampuli kwa bomba la sindano lililopenyezwa katika kizibo, kisha wanakemia wakazichunguza. Walikuta nguvu ya kileo ikiwa asilimia 47.3. Walitambua kuwa mboji iliyochomwa kukaushia kimea ilitoka visiwa vya Orkney, na kwamba wiski ilikomazwa katika mapipa ya mwaloni wa Marekani. Aidha waligundua jambo ambalo halikutarajiwa: wiski hiyo ilikuwa nyepesi na yenye harufu ndogo ya moshi, ilhali wengi walidhani wiski ya zama hizo ilikuwa nzito na ya kukwaruza koo.

Hapo ndipo kazi ya kufufua ilipoanza. Kanuni ya asili ya kuchanganya wiski hiyo ilikuwa imepotea. Kiwanda cha Glen Mhor kilikuwa kimefungwa mwaka wa 1983, kikabomolewa mwaka wa 1986, na mahali pake pakajengwa maduka. Paterson alilazimika kukusanya wiski za kimea kutoka viwanda mbalimbali vya Uskoti, pamoja na kiasi kidogo cha wiski ya Glen Mhor iliyokuwa imesalia katika mapipa, akazichanganya hadi pua na ulimi wake viliporidhika kuwa amefikia ile ya barafuni. Chupa 50,000 zilitayarishwa na kuuzwa kwa pauni 100 kila moja, na katika kila chupa pauni tano zilitengewa wakfu uliohifadhi kibanda. Zile chupa tatu za asili nazo zilirudishwa Antaktika mwaka wa 2013, zikipelekwa na waziri mkuu wa New Zealand wa wakati huo, John Key.

Kisa hiki kinapendeza, na wauzaji walijua kinapendeza. Lakini msomaji makini atauliza: kwani jina hili lilikufaje hata likahitaji kufufuliwa? Majina ya biashara hayafi kwa ajali. Huuawa na hesabu. Mwaka wa 1898 kampuni ya ndugu wawili wa Leith, akina Pattison, iliporomoka kwa madeni na ulaghai, na wenyewe wakaishia kifungoni mwaka wa 1901. Husimuliwa kuwa walikuwa wamesambaza kasuku mia tano waliofunzwa kuisifu wiski yao mbele ya wateja. Kasuku walisifu, lakini vitabu vya hesabu vilikuwa vya uongo, na kuanguka kwao kuliburuta kampuni nyingi ambazo hazikuwa na hatia.

Baada ya hapo ikaja marufuku ya pombe nchini Marekani, tangu 1920 hadi 1933, iliyowafungia Waskoti soko kubwa. Makampuni madogo yalinunuliwa na makubwa, na makubwa yakawa na majina mengi kuliko wanywaji wa kuyakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maghala yalifurika wiski isiyo na mnunuzi, viwanda vingi vikafungwa, na 1983 ukawa mwaka wa msiba katika tasnia hiyo. Katika mwaka huo huo uliofunga Glen Mhor zilifungwa pia Brora na Port Ellen. Mbili hizi zilijaliwa kufunguliwa tena, Brora mwaka wa 2021 na Port Ellen mwaka wa 2024. Glen Mhor haikupata bahati hiyo. Mahali ambapo matofali yamevunjwa, kilichobaki kufufuliwa ni jina tu.

Na jina ni bidhaa. Jina la Mackinlay lilipita mikono kadhaa hadi likafikia Whyte & Mackay ya Glasgow. Wakati zile chupa zilipoletwa kutoka barafuni, mmiliki wa kampuni hiyo alikuwa tajiri wa India, Vijay Mallya, na chupa zenyewe zilisafiri katika ndege yake. Mwaka wa 2014 kampuni iliuzwa kwa Emperador ya Ufilipino. Kwa hiyo jina la familia ya Leith limewahi kutiwa katika mfuko wa Mhindi na wa Mfilipino, sawa na shamba linavyouzwa pamoja na mwembe aliopanda babu wa mtu mwingine. Silaumu hilo. Nataka tu wasomaji waone kuwa anayemiliki jina na anayebeba kumbukumbu ya jina hilo aghalabu ni watu wawili tofauti.

Je, sheria inasemaje? Kanuni za Uingereza za mwaka wa 2009 zinaeleza wazi ni kileo kipi kiitwe wiski ya Kiskoti. Lazima kikenekwe Uskoti, kikomazwe huko huko katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka mitatu, na kisiwe na nguvu ya chini ya asilimia 40. Kibandiko hakina budi kutaja kama ni wiski ya kiwanda kimoja au ni mchanganyiko. Sheria hiyo ni kali na yafaa kusifiwa. Inalinda mahali, muda na namna ya kutengeneza. Lakini hailindi kumbukumbu. Mtu aliyelipata jina la kale kihalali anaweza kuliweka kwenye chupa ya wiski isiyofanana hata kidogo na ile ya awali, na asivunje kifungu chochote.

Ndiposa nasema suala hili ni la maadili kabla ya kuwa la sheria, na katika maadili kuna hoja za pande mbili.

Wapo wanaodai kuwa ufufuo wa aina hii ni maigizo matupu. Wanasema shayiri ya leo si ile ya 1907, kiwanda hakipo, waliofanya kazi humo wamekufa, na kwamba hakuna sindano inayoweza kumrudisha mfu. Hoja hii ina uzito, na kwa kiasi fulani naikubali. Lakini watengenezaji wenyewe waliiita kazi yao nakala, na nakala inayokiri kuwa ni nakala haidanganyi. Walimu wa fasihi wanalifahamu jambo hili vyema. Mwalimu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka wa 1963, hakuna msomaji aliyedhani kuwa Shakespeare alijua Kiswahili. Jina la mwandishi lilitajwa, na la mfasiri likatajwa. Tulipata kazi mpya iliyoheshimu ya zamani. Paterson alikuwa mfasiri wa ladha, na kosa lingekuwepo iwapo angejifanya kuwa ndiye mtunzi.

Hoja ya pili ni kwamba yote yalifanywa kwa ajili ya fedha. Bila shaka. Lakini fedha hizo pia zilisaidia kulinda kibanda cha mbao kilichokuwa kikiliwa na theluji, na utafiti ule uliipa historia kitu ambacho haikuwa nacho. Kabla ya hapo wanahistoria waliweza kubahatisha tu kuhusu wiski ya mwanzo wa karne ya ishirini. Sasa upo ushahidi uliopimwa, unaosema nguvu yake ni hii, mboji yake ni ya mahali hapa, na moshi wake ni kidogo kuliko mlivyosimuliwa. Mfanyabiashara aliyefuata faida yake ameongeza maarifa ya watu wote. Si kila siku jambo hilo hutokea, na likitokea tulitaje kwa haki.

Hoja ya tatu ndiyo inayonishughulisha zaidi. Wahenga wetu wa pwani walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya nakala ya kwanza kusifiwa kote duniani, mwaka wa 2017 ilitolewa wiski nyingine iliyopewa jina la Shackleton mwenyewe, kwa bei nafuu zaidi. Nguvu yake ni asilimia 40, kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inaruhusu, ilhali ile ya barafuni ilikuwa 47.3. Methali hii haijawahi kutimia kwa usahihi wa namna hiyo, kwa sababu nguvu ya wiski hupunguzwa kwa kuongezwa maji.

Sitaki kumwonea mtu. Nguvu hiyo imeandikwa waziwazi kwenye chupa, hakuna aliyelaghaiwa, na mnywaji wa kawaida hana pauni mia za kutupa. Hata hivyo tazameni mwendo wa jambo lenyewe. Kwanza palikuwa na chupa halisi. Kisha ikaja nakala iliyopimwa kwa chupa hiyo. Kisha ikaja bidhaa inayobeba jina na kisa tu. Kila hatua ilikuwa halali, lakini kila hatua ilikwenda mbali zaidi na ushahidi. Hivi ndivyo historia inavyogeuka tangazo: mwenye jina hahitaji kusema uongo, ila huupunguza ukweli kijiko kwa kijiko hadi ukabaki mwaka na picha ya meli.

Kwa maoni yangu, anayetaka kufufua chapa ya kale anapaswa kutimiza masharti matatu. Kwanza, awe na ushahidi wa kitu chenyewe, si wa jina tu: chupa, daftari, barua za maagizo, hesabu za kiwanda. Pili, aseme kwa lugha ya wazi ni kipi cha zamani na ni kipi alichokibuni yeye. Tatu, awalipe waliotunza kumbukumbu hiyo wakati yeye hakuwa na habari nayo. Nakala ya mwaka wa 2011 ilitimiza masharti yote matatu, na kwa sababu hiyo naiheshimu. Asiyeweza kutimiza hata la kwanza afadhali atafute jina jipya, alitolee jasho, nalo litazeeka lenyewe.

Huenda msomaji akauliza, haya yatufae nini sisi huku? Natoa mfano mmoja unaohusu ukenekaji wenyewe. Kabla ya mwaka wa 1823 Waskoti wengi walikeneka wiski kwa siri mabondeni wakiwakimbia watoza ushuru. Sheria ya mwaka huo ilipunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni kumi, na mwaka wa 1824 George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, ingawa majirani zake walimtisha kwa kuwasaliti. Kazi ilipotoka mafichoni ilianza kuandikwa. Daftari, leseni na hesabu zilizofuata ndizo zinazowawezesha Waskoti wa leo kufufua wakitakacho.

Hapa Kenya chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 1980 na kuruhusiwa kwa masharti kwa sheria ya mwaka wa 2010. Sisemi isifiwe. Mei 2014 pombe iliyotiwa kemikali iliwaua na kuwapofusha Wakenya wengi katika kaunti kadhaa, na hakuna mzaha katika jambo hilo. Ninachosema ni kuwa kazi ya mafichoni haiachi daftari. Haiachi jina la aliyeifanya vizuri, wala haimtaji aliyeiharibu. Kwa sababu hiyo muuaji hujificha kwa urahisi nyuma ya jina ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelimiliki.

Tena upungufu huu hauhusu vileo pekee. Ni nani ameandika jinsi mgema wa Rabai anavyochagua mnazi na kuukata ukoga wake asiudhuru? Ni nani ameyatunza majina ya wafuaji vyuma waliotengeneza majembe kabla ya majembe ya dukani, au ya akina mama waliovumbua rangi za mizizi na maganda walizotia katika nyuzi za viondo? Siku moja mfanyabiashara, wa hapa au wa ng'ambo, atataka kuzifufua kazi hizi na kuziandika mwaka kwa herufi za dhahabu. Tusipokuwa na ushahidi wetu, yeye ndiye atakayetuambia babu zetu walifanya nini.

Nawasihi walimu wa historia na wa Kiswahili waifanye kazi hii mapema. Waagizeni wanafunzi walete kibandiko chochote kilichoandikwa mwaka wa kuasisiwa, kiwe cha sabuni au cha majani chai, kisha wakiulize maswali matatu: ni nani aliyeanzisha, ni nani anayemiliki leo, na ni nini kilichobaki kisichobadilika? Wakimaliza, kila mmoja aende kwa mzee mmoja mwenye ufundi, aandike jina lake, zana zake, vipimo vyake na makosa anayoyaonya, halafu daftari hilo litunzwe shuleni. Shackleton hakukusudia kuwaachia wanakemia ushahidi, barafu ilimtunzia. Sisi hatuna barafu. Tuna mchwa, mvua na moto, na kwa hiyo hatuna budi kuandika.